Kishale Kidogo Pembeni mwa Ikoni

Kwa miaka miwili, kila Ijumaa jioni nikishamaliza kazi, nilikuwa nachomeka flashi kwenye laptopu, nashika folda moja kwa kipanya, naiburuta hadi kwenye flashi, kisha nachomoa. Folda hiyo niliiita MAMA. Ndani yake mlikuwa na rekodi 41 za sauti nilizozichukua jioni nyingi nikiwa nimekaa na mama, yeye akinisimulia ujana wake, nami nikimuuliza maswali ambayo sikuwahi kumuuliza nilipokuwa mtoto. Mlikuwa pia na picha za zamani nilizozipitisha kwenye skana moja moja, na maandishi ya masimulizi yale, niliyoyachapa usiku neno kwa neno, pamoja na vikohozi vya mama na vicheko vya shangazi aliyependa kumkatiza.

Kunakili kulikuwa kunaisha kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana rekodi za saa thelathini na kitu haziwezi kuhamia kwenye flashi kwa kufumba na kufumbua. Sikushtuka. Nilidhani kompyuta ina kasi.

Nilichokuwa nakiburuta hakikuwa folda. Ilikuwa ni ikoni niliyoiweka kwenye skrini ya mwanzo ili nisihangaike kuitafuta folda yenyewe, na pembeni mwake, chini kushoto, ilikuwa na kishale kidogo. Kishale hicho ni ishara ya njia ya mkato. Ni kielekezo tu, kibao kinachosema "kitu chenyewe kiko kule". Uzito wake ni kilobaiti mbili hivi. Kila Ijumaa nilikuwa nabandika kibao kipya juu ya kibao cha wiki iliyopita.

Na nilikuwa nakagua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila baada ya wiki kadhaa nilifungua flashi, nikabofya mara mbili, na sauti ya mama ikatoka safi kabisa. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye laptopu ileile, kielekezo kikaelekeza kwenye diski ya laptopu ileile, nami nikawa nasikiliza rekodi ya asili nikiamini nasikiliza nakala.

Asubuhi moja niliwasha laptopu nikasikia tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tik tena, kama saa ya ukutani iliyokwama. Skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha tena, labda mara sita. Leo ningemshika mkono mtu yeyote anayefanya hivyo. Diski ya aina ile ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine hufika 7,200, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusoma kinachoelea bila kuigusa, kwa umbali wa nanomita chache. Unene wa unywele mmoja unaipita nafasi hiyo mara maelfu. Kichwa kikishindwa kuona alama kinazozitafuta, hurudi mahali pake na kuanza upya, kisha hurudi tena. Mlio ndio huo. Ukiusikia, zima na usiwashe tena, kwa sababu kila unapowasha unaweza kuwa unakwangua kile kilichobaki.

Laptopu nyingi za sasa zina diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, na watu wamejijengea imani kwamba hizo hazifi. Zinakufa, ila hazitoi onyo la mlio: jioni zinafanya kazi, asubuhi kompyuta haizioni kabisa. Tena ukishafuta faili na kumwaga pipa la taka, mfumo huiarifu SSD kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe, mara nyingi baada ya muda mfupi. Kwenye diski za sahani faili iliyofutwa ilikuwa na nafasi nzuri ya kuokolewa. Kwenye SSD nafasi hiyo ni finyu mno.

Nilimpelekea fundi. Aliiweka diski mezani, akaisikiliza, akaniuliza, "Dada, nakala unayo?"

"Ninayo," nikamjibu, na nakumbuka nilivyolijibu swali hilo kwa kujiamini. Nikatoa flashi kwenye mkoba.

Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akabofya mara mbili. Kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno machache: kitu kinachoelekezwa na njia hii ya mkato hakipatikani. Alibofya tena. Kisha akanigeuzia skrini polepole, akanionyesha kishale kwa ncha ya kalamu, asiseme neno. Namshukuru kwa kutosema neno.

Siku nne kompyuta yake iliifyonza diski yangu kidogo kidogo, ikiruka sehemu zilizokataa kusomeka na kuzirudia baadaye. Kilichopatikana kilikuwa faili zaidi ya elfu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Jina la faili halikai ndani ya faili yenyewe. Jina na mahali ilipo huandikwa kwenye orodha nyingine, mithili ya faharasa ya kitabu, na orodha yangu ilikuwa imekwisha kuharibika. Kwa hiyo programu ya kuokoa ilipita diski nzima ikitafuta mianzo inayoitambua. Kila picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na alama ileile, FF D8. Programu ilipoiona, ilichukua kilichofuata, ikakipa namba, ikaendelea.

Nikawa na folda moja kubwa ya namba. Humo picha ya harusi ya mama ilikaa karibu na nembo ya tovuti niliyoitembelea mara moja, karibu na kitufe cha tangazo, karibu na picha ileile ya harusi iliyokatika katikati: nyuso juu, chini rangi ya kijivu tupu. Katika rekodi 41 zilirudi 23, baadhi zikiwa zimekatika. Maandishi yalirudi vipande vipande.

Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo, tuanze upya." Tukaanza upya. Alisimulia tena, na mengi aliyasimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Lakini shangazi alikuwa ameshafariki. Katika rekodi mpya hakuna anayemkatiza mama kumwambia kwamba hakuvaa gauni lile siku ile, kwamba gauni lile lilikuwa lake yeye. Mama anafika pale anapokumbuka kwamba alikuwa akikatizwa, anasita, kisha anaendelea. Kusita huko nakusikia kila ninaposikiliza.

Watu wengi wakizungumzia bakapu, yaani nakala za akiba, huanza na swali la wapi pa kuweka: diski ya nje au mtandaoni, flashi au kadi. Kwangu swali la kwanza ni lingine: umewahi kuirudisha? Yaani umewahi kuichukua nakala yako, ukaenda nayo kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuziona faili zako, ukazifungua? Kama hujawahi, hujui una nini. Mimi nilikuwa na nidhamu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Sikukosa Ijumaa. Nidhamu hiyo yote niliitumia kunakili kilobaiti mbili.

Wenye utaalamu nao yamewakuta. Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa anahangaika usiku na hifadhidata, yaani ghala la taarifa za wateja wao, iliyokuwa ikisumbua. Akatoa amri ya kufuta folda, lakini kwenye seva (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine) isiyo yenyewe. Alipozinduka na kuisimamisha, gigabaiti karibu 300 zilikuwa zimebaki 4.5 hivi. Kampuni ilikuwa na njia tano tofauti za kujikinga na balaa kama hilo, na hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kimya kimya, kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliitoa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Ninawaheshimu kwa jambo moja: waliyaandika yote hadharani, hatua kwa hatua, na kazi ya kurudisha data wakairusha moja kwa moja ili kila mtu aitazame.

Miaka karibu ishirini kabla ya hapo, mwaka 1998, yaliwakuta Pixar, studio ya filamu za katuni ya Marekani, walipokuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu alitoa amri ya kufuta mahali pasipotakiwa, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba, wakazikuta na kasoro. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na kwa hiyo alikuwa anafanyia kazi nyumbani, akiwa na nakala kwenye kompyuta yake huko. Waliifuata kwa gari, wakaizungushia mablanketi, wakairudisha kazini kama mgonjwa.

Katika visa vyote viwili mfumo rasmi ulikuwepo na watu waliuamini. Kilichokosekana ni mtu wa kuufungua na kutazama ndani kabla ya siku ya shida.

Kosa jingine ninaliona kila wiki, na limempata mdogo wangu. Simu yake ilijaa. Picha zake zilikuwa zinajipeleka zenyewe mtandaoni, na alijua hivyo, kwa hiyo akazifuta kwenye simu ili apate nafasi, akiamini za kule mtandaoni zitabaki. Huduma ile ilikuwa ya kusawazisha, na kusawazisha maana yake ni kuhakikisha pande zote zinafanana. Alichofuta kwenye simu kikafutwa kule pia, na kwenye kompyuta yake pia. Pipa la taka la huduma nyingi kama hizo hukaa na vitu siku 30 hivi, kisha humwagwa. Yeye aligundua mwezi wa tatu tangu azifute. Kusawazisha ni kuzuri sana, mimi mwenyewe nakutumia kila siku, lakini ukikosea mahali pamoja umekosea kila mahali kwa wakati mmoja. Nakala ya akiba inatakiwa iwe na ukaidi fulani: wewe umefuta leo, yenyewe bado inashikilia ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita.

Na mtandaoni kwenyewe ni kwenye kompyuta za watu wengine. Machi 10, 2021 jengo zima la seva za kampuni ya OVHcloud liliteketea kwa moto huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa mle mle walipoteza vyote. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa humo kabla ya mwaka 2016 zilipotea katika kazi ya kuhamisha seva. Wanamuziki wengi walikuwa hawana nakala nyingine popote.

Kuna kisa kimoja ambacho kila nikikikumbuka nachomoa diski yangu ya nje kwenye kompyuta. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kwenye mitandao ya Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo, na kwa muda mfupi mno kompyuta zao duniani kote zikawa hazitumiki. Walikuwa na seva karibu 150 zilizotunza taarifa za nani ni nani katika mtandao mzima. Kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake, kwa hiyo waliona hakuna haja ya hofu. Lakini zote ziliunganishwa, na kirusi kikazifuta zote. Ilisalimika moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu kabla ya shambulio umeme ulikatika na seva ile ikawa nje ya mtandao. Kukatika kwa umeme ndiko kulikoiwezesha kampuni nzima kusimama tena.

Mtu mwenye laptopu moja hafanani na Maersk, lakini virusi vya kudai fidia hufanya kazi kwa namna ileile hata nyumbani. Vikiingia hufunga kila faili vinayoweza kuifikia, na diski ya nje iliyochomekwa muda wote inafikika sawasawa na diski ya ndani. Diski iliyo kabatini haifikiki. Ndiyo maana nakwambia chomoa.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliwahi kuyapanga haya katika kanuni ambayo sasa inajulikana kwa namba 3-2-1: nakala tatu ukihesabu na ya asili, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na zile nyingine. Inavutia kwamba kanuni hii ilienezwa na mpiga picha. Wapiga picha wanajua kwamba tukio halirudiwi.

Ile ya tatu, ya mbali, ndiyo inayopuuzwa zaidi. Nimeona watu wenye diski mbili nzuri, zote kwenye mkoba uleule wa laptopu. Mwizi akichukua mkoba anachukua kanuni nzima.

Mimi sasa ninafanya hivi. Kompyuta inanakili yenyewe, kwa sababu kazi inayotegemea kumbukumbu yangu siiamini tena. Mac zina Time Machine tangu mwaka 2007, na Windows ina File History tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Zote zinakuja na kompyuta bila malipo ya ziada, na zote hutunza matoleo ya zamani ya faili, si la mwisho peke yake. Mara ya kwanza kunakili huchukua usiku mzima. Baada ya hapo ni dakika chache, kwa kuwa kinachonakiliwa ni kilichobadilika tu. Nina diski mbili za nje zinazopokezana. Moja ikiwa kwangu, nyingine iko kwa dada yangu, na tunapotembeleana tunabadilishana. Nakala nyingine iko mtandaoni, kwa huduma ya kuhifadhi nakala hasa, ambayo haisawazishi.

Diski zote nimezifunga kwa neno la siri, maana humo mna vitambulisho vyetu, vyeti, majibu ya hospitali, na diski ni kitu cha kuibwa kirahisi. Hapo nina onyo kali: diski iliyofungwa ukipoteza neno lake la siri imepotea, hakuna fundi wa kuifungua. Langu limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi haikai pamoja na diski. Dada anajua ilipo. Mume wangu anajua ilipo. Likinipata la kunipata, watoto wasibaki na kisanduku kisichofunguka.

Programu sizinakili, kwa sababu zinapatikana tena. Ninanakili nilichokitengeneza mimi na nilichopewa na watu wangu. Vitu vinavyosahaulika kila mara ni namba za simu, barua pepe za zamani, picha zilizomo kwenye simu, na zile namba za dharura za kuingilia kwenye akaunti zenye ulinzi wa hatua mbili.

Na mara nne kwa mwaka ninarudisha. Naenda kwa dada na diski, tunaichomeka kwenye kompyuta yake, nachagua faili tano bila kupanga: moja ya jana au juzi, moja ya miaka mingi, picha, sauti, hati. Sitazami majina tu. Nafungua hati hadi ukurasa wa mwisho, picha naikuza, rekodi nairuka hadi katikati na hadi mwisho, kwa sababu nimejifunza kwamba faili inaweza kuanza vizuri ikaishia kwenye kijivu. Natazama pia uzito wa folda nzima na kuulinganisha na wa nyumbani. Kazi yote haifiki nusu saa. Mara iliyopita tulikuta folda moja mpya haikuwa kwenye orodha ya vinavyonakiliwa. Nilikuwa nimeiweka mahali ambapo programu haipiti. Tuliirekebisha palepale, mezani kwa dada, kabla hatujafanya lingine.

Zile faili za namba bado ninazo, na zenyewe sasa zina nakala tatu. Jioni nikipata utulivu nakaa na mama, nafungua moja baada ya nyingine. Yeye anatazama au anasikiliza, ananiambia ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, nami nachapa jina. Zilizo takataka tunafuta. Wiki iliyopita tulifungua rekodi ya sekunde arobaini, iliyokatika pande zote mbili, haina mwanzo wala mwisho. Ni shangazi peke yake, anacheka. Mama aliniomba niicheze tena, kisha tena, halafu akaniambia niandike jina lake kamili, na si "shangazi".